Kirikou na Swali la "Kwa Nini": Kuitazama Upya Filamu ya Katuni kwa Jicho la Usimulizi

Utangulizi

Filamu ya katuni iitwayo Kirikou et la sorcière, yaani Kirikou na Mchawi, ilitolewa nchini Ufaransa mwezi Desemba 1998. Mwandishi na mwongozaji wake ni Michel Ocelot, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1943, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi mjini Conakry, Guinea. Muziki ulitungwa na Youssou N'Dour wa Senegali. Mwaka 1999 filamu hiyo ilipata tuzo kuu katika tamasha la filamu za katuni la Annecy, na baadaye Ocelot aliendelea na mhusika huyo katika filamu nyingine mbili, za mwaka 2005 na 2012.

Katika nchi zetu ambamo Kifaransa husomwa shuleni, kazi hii si ngeni. Wapo wanafunzi wetu walioitazama utotoni, na ukiwatajia jina la Kirikou hutabasamu kwa kumkumbuka yule mtoto mdogo aendaye mbio kuliko watu wote. Aghalabu kumbukumbu hiyo huishia hapo, kwani filamu ya katuni huhesabiwa kuwa burudani ya watoto, ilhali ngano huhesabiwa kuwa mada ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuvikutanisha vitu hivyo viwili. Tunauliza: je, hadithi ya Kirikou inasongaje mbele? Na jibu lake linatufundisha nini sisi tunaosomesha fasihi simulizi kwa Kiswahili?

Tunavyoona sisi, hadithi hii inasukumwa na maswali ya mtoto, na zaidi ya yote swali moja: kwa nini Karaba ni mwovu? Swali la namna hiyo ndilo linalokosekana mara nyingi katika ufundishaji wetu wa ngano.

Muhtasari wa hadithi

Mtoto anasema akiwa bado tumboni mwa mama yake, anajizaa mwenyewe, anakata kitovu chake na kujitangazia jina. Papo hapo anaanza kuuliza habari za nyumbani. Anaambiwa kwamba mchawi Karaba amekikausha kisima cha kijiji, amewanyang'anya wanawake dhahabu zao, na amewala wanaume waliokwenda kupigana naye. Kirikou anamsaidia shujaa wa mwisho wa ukoo, anawaokoa watoto wenzake katika mitego ya Karaba, na anarudisha maji. Kisha anapita chini ya ardhi kwenda mlimani kwa babu yake mwenye hekima, anaipata siri ya Karaba, anamtoa mwiba wenye sumu mgongoni, na uchawi unakwisha. Mwishoni Karaba anambusu, Kirikou anageuka kuwa mwanamume mzima, na wanaume waliodhaniwa wameliwa wanarudi kijijini wakiwa hai.

Mtoto wa ajabu na ndugu zake

Msomaji wa fasihi simulizi ya eneo letu hatashangazwa na mwanzo huu. Motifu ya mtoto wa ajabu, anayezaliwa akisema na kutembea, imeenea sana barani Afrika. Mfano ulio karibu nasi ni utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu, uliosimuliwa na fanani Candi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Huko, mtemi Shemwindo anawaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anazaliwa kupitia kidole cha mama yake, akiwa na nguvu na maneno tayari, na baba yake anajaribu kumwua kwa kila njia.

Ulinganisho huu una faida darasani, kwa sababu unaonyesha kufanana na kutofanana. Mwindo ni mtoto wa mtemi, ana kipungo chenye nguvu za ajabu, na hujisifu kwa maneno makubwa. Kirikou hana kitu. Anapomwomba babu yake hirizi ya kumkinga, babu anakataa kumpa, na kumweleza kwamba nguvu yake ni kutokuwa na hirizi yoyote. Mwindo hujitangaza, lakini Kirikou huuliza. Hata hivyo wote wawili wanafika mahali pamoja. Mwindo hamwui baba yake bali wanapatana na kugawana utawala, na Kirikou naye hamwui Karaba. Basi yule anayedhani kwamba mwisho wa mapatano ni upole ulioletwa kutoka nje na wasanii wa Ulaya, naarudi kwanza Kivu akausikilize utendi huo.

Maswali kama msukumo wa msuko

Mwaka 1927 mwandishi wa Kiingereza E. M. Forster alitofautisha hadithi na msuko. Kwa maelezo yake, hadithi hupanga matukio kwa kufuatana kwa wakati, bali msuko huyapanga kwa sababu na matokeo. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuieleza tofauti hiyo kwa sarufi tu. Mwanafunzi anaposimulia, mara nyingi hutupa mlolongo wa -ka-: akazaliwa, akakata kitovu, akakimbia, akamwona mchawi, akarudi. Kiambishi hiki ni mali kubwa ya usimulizi wetu, lakini kazi yake ni kufuatanisha matukio, hakisemi tukio moja limezaliwaje na lingine. Anayesimulia kwa -ka- peke yake anatupa hadithi bila msuko.

Sasa tuitazame filamu. Kirikou anauliza baba yake yuko wapi, na jibu linamfanya aulize jamaa wengine wako wapi. Jibu la pili linampeleka mbio njiani kumsaidia yule aliyebaki. Anauliza kwa nini hakuna maji, na kwa kuwa jibu halimtoshi, anaingia mwenyewe katika chemchemi na kumkuta mnyama aliyevimba kwa kunywa maji yote. Anauliza kwa nini Karaba ni mwovu. Hapa kijiji kizima hakina jibu, na wengi hawaoni hata kama ni jambo la kuuliza. Mama yake peke yake ndiye anayemwelekeza kwa anayejua, na safari yote ya mlimani inatokana na swali hilo. Ukiyaondoa maswali haya, vituko vinabaki lakini havishikani tena.

Kuna jambo la pili ambalo mtazamaji wa mara ya kwanza hulipita upesi. Majibu ya kijiji, mengi yake, si ya kweli. Babu anapozungumza na Kirikou anabainisha kwamba Karaba hali watu, bali huwageuza kuwa vinyago vinavyomtumikia. Anabainisha pia kwamba kisima hakikukaushwa na Karaba. Yule mnyama aliingia mle akiwa mdogo, akanywa, akakua, na Karaba aliwaacha watu waamini kwamba ni kazi yake ili wazidi kumwogopa. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na ngano yake juu ya Karaba, iliyorudiwa na kila mtu bila kuchunguzwa, na nguvu za mchawi zilitokana kwa sehemu na ngano hiyo. Kirikou ni hadhira iliyothubutu kumwuliza fanani: wewe umejuaje?

Katika eneo hili la Maziwa Makuu, ambalo historia yake ya miaka ya 1990 haihitaji kuelezwa kwa wasomaji wetu, jambo hili si dogo. Tunajua uzito wa hadithi zinazorudiwa juu ya jirani mpaka zikawa ukweli. Somo la fasihi simulizi linalomzoeza mwanafunzi kupokea na kurudia tu, bila kuuliza, limemnyima kinga ambayo ngano yenyewe ingeweza kumpa.

Mwiba wa Karaba

Katika mafunzo yetu tumezoea kumwita mchawi wa ngano mhusika bapa. Ni mwovu tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi yake ni kushindwa. Filamu hii inaanza kwa kufuata desturi hiyo. Karaba anaonekana mwenye sauti ya kutisha, kibanda chake kimezungukwa na ardhi kavu, na kinyago kimekaa juu ya paa kikichunguza kila anayepita. Lakini tunapofika kwa babu tunaelezwa kwamba wanaume walimchoma mwiba wenye sumu katika uti wa mgongo. Mwiba huo unampa maumivu yasiyokoma, na pia unampa uwezo wa uchawi. Hataki utolewe, kwa sababu angepoteza uwezo huo, na kwa sababu kuutoa kutauma sawa na siku ulipoingizwa.

Kwa upande wa usimulizi, ustadi hapa ni wa kuahirisha. Siri hii ingewekwa mwanzoni, tungemhurumia Karaba mapema mno na taharuki ingepotea. Ingewekwa baada ya kushindwa kwake, ingekuwa maelezo ya ziada tu. Imewekwa kabla ya pambano la mwisho, na hivyo inaligeuza pambano lenyewe. Kirikou aliyeondoka nyumbani akitafuta njia ya kumshinda adui anashuka mlimani akiwa na kazi ya mganga. Anaiba vito ili kumtoa Karaba katika kibanda chake, kisha anaurukia mgongo wake na kuung'oa mwiba kwa meno. Ukelele wa Karaba unatuambia kwamba maumivu yale hayakuwa maneno tu.

Wahenga walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii ni kali, na watu huitumia upesi dhidi ya kila aliyepatwa. Karaba anatulazimisha kuisoma tena kwa makini. Ikiwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, basi mwiba wa kudungwa na wengine unaambiwa. Kabla ya kumnyima mtu pole, lazima kwanza tuulize nani alimdunga.

Tusieleweke vibaya. Kueleza chanzo cha uovu si kuuhalalisha. Wanawake wa kijiji walipoteza mali, na wakaishi miaka bila waume na kaka zao, na wanapotaka kulipiza kisasi mwishoni filamu haiwacheki. Inachofanya ni kukataa kusema kwamba Karaba ni mwovu kwa kuwa ni mwovu.

Sauti na picha

Tutayagusa haya kwa ufupi, ingawa yangestahili makala yao. Sauti za filamu zilirekodiwa kwa waigizaji wa Afrika ya Magharibi, na Karaba alitamkwa na Awa Sène Sarr, mwigizaji wa Senegali. Kifaransa kinachosikika ni cha watu wa huko, chenye mwendo wao. Sentensi ni fupi na zinarudiwa kama afanyavyo fanani mbele ya hadhira. Nyuso za wahusika zimechorwa kwa utulivu, hazikunjwikunjwi kama katika katuni nyingi za Marekani, na kwa hiyo sauti ndiyo inayobeba hisia. Kila Kirikou anapookoa watu, wanamwimbia na kumsifu, na muda si mrefu wanamdharau tena kwa udogo wake. Marudio hayo ya wimbo ni utendaji halisi wa ngano, na pia ni kejeli kwa kijiji chenye shukrani fupi.

Mashaka yetu

Ingekuwa si uhakiki kama tungemaliza kwa sifa. Tuna mashaka matatu.

La kwanza ni la umiliki. Hadithi ya msingi ilitoka Afrika ya Magharibi, ikaandikwa katika mkusanyo wa mtumishi wa serikali ya kikoloni, François-Victor Equilbecq, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikafika kwa Ocelot. Njiani imepoteza mengi. Kijiji cha Kirikou hakina jina, watu wake hawana kabila wala lugha yao, na mtazamaji wa mbali anaweza kuondoka akidhani ameiona Afrika nzima. Jina la fanani wa kwanza halimo katika kumbukumbu za mtazamaji. Tukilinganisha na Mwindo, ambaye tunajua alisimuliwa na nani na mwaka gani, tunaona umuhimu wa kuwafundisha wanafunzi wetu kuandika jina la msimulizi kila wanapokusanya data.

Shaka la pili ni juu ya busu. Babu amemfundisha Kirikou kuufurahia udogo wake, kwamba akiwa mdogo hupita wakubwa wasipopita, na akiwa mkubwa atafurahia ukubwa. Fundisho hilo limethibitishwa na filamu nzima. Lakini katika dakika za mwisho udogo unaondolewa kwa muujiza, kama katika ngano za Ulaya ambamo busu hufungua kila kifungo. Zaidi ya hayo, Karaba amekwisha kusema kwamba hataki kuolewa ili awe mtumishi wa mtu. Kauli hiyo nzito inatoka kinywani mwa mwanamke aliyeumizwa na wanaume, nayo inazimwa kwa haraka ili harusi ipatikane.

Shaka la tatu ndilo kubwa kwetu. Wale wanaume waliomchoma Karaba mwiba ni akina nani? Walitoka wapi? Babu hawataji. Wanaume wa kijiji wanaporudi kwa ngoma na shangwe, hakuna anayeuliza. Kirikou, aliyeuliza tangu tumboni, hapa ananyamaza. Filamu iliyojengwa juu ya "kwa nini" inaacha "nani" bila jibu, na mzigo wote wa aibu unabaki kwa mwanamke aliyetendwa. Tunaamini mwalimu hana haki ya kulipita pengo hili kimya kimya. Ni pengo la kufundishia.

Matumizi darasani

Tunawapendekezea walimu wenzetu mazoezi manne, ambayo hayahitaji vifaa zaidi ya kompyuta moja na spika.

Kwanza, tuonyeshe dakika tano za mwanzo bila sauti, na mwanafunzi mmoja awe fanani kwa Kiswahili huku wengine wakiitikia. Mara ya kwanza asimulie kwa -li- na -ka-. Mara ya pili alazimike kutumia kwa kuwa, kwa sababu, ili, na -po-. Darasa lenyewe litasikia tofauti kati ya hadithi na msuko.

Pili, wanafunzi waorodheshe kila swali la Kirikou, aliyejibu, na kama jibu lilithibitika baadaye. Jedwali hilo litawaonyesha nani kijijini anajua, nani anadhani, na nani anarudia aliyoyasikia.

Tatu, tufanye tafsiri ya mazungumzo machache kutoka Kifaransa. Neno "oncle" litawataka waamue: mjomba, ami au baba mdogo? Kiswahili, kama lugha zetu za nyumbani, hakikubali jamaa asiyejulikana ni wa upande gani. Neno "sorcière" nalo litaleta mjadala. Kifaransa kimetaja mwanamke, lakini mchawi wa Kiswahili hana jinsia. Je, tuseme "mwanamke mchawi"? Tukiacha "mchawi" tu, tunakuwa tumeipunguza au tumeiongeza maana ya mwiba ule? Hakuna jibu moja, na ndiyo faida ya zoezi.

Nne, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja ambamo Karaba anasimulia kwa nafsi ya kwanza siku aliyochomwa mwiba, au ambamo Kirikou, sasa mtu mzima, anauliza swali alilolisahau. Zoezi hili litapima uelewa wa usimulizi kuliko "Taja sifa tano za ngano."

Hatusemi sifa za ngano zisifundishwe. Mwanafunzi lazima ajue fomula za mwanzo na mwisho, fantasia, takriri na dhima ya kuonya. Lakini akizijua zote, na asiweze kusema kwa nini sungura alidanganya au kwa nini zimwi lilikuwa na njaa, amejifunza orodha tu.

Hitimisho

Katika makala haya tumeitazama upya Kirikou et la sorcière na kuona kwamba uzuri wake wa usimulizi haumo katika rangi wala katika miujiza, bali katika kumfanya mtoto aulize na kuyafanya maswali yake yazae matukio. Tumeona pia mahali ambapo filamu inaliacha swali lake. Yote mawili, ustadi na pengo, ni mali kwa mwalimu wa fasihi simulizi.

Tunawaomba walimu na wanafunzi watakaoifanyia kazi filamu hii waanze na ngano za kwao zenye mtoto wa ajabu, waandike jina la aliyewasimulia, mahali na tarehe, kisha wazilinganishe. Kurasa hizi ziko wazi kwa matokeo yao. Na mzazi au bibi atakapomaliza kusimulia, mwanafunzi asione haya kumwuliza, kwa adabu, lile swali la Kirikou.